takeown na icacls: uzoefu wangu na faili zinazogoma baada ya kusakinisha Windows upya

Kati ya njia zote nilizojaribu za kurudisha faili zilizofungwa baada ya Windows kusakinishwa upya, hizi amri mbili, takeown (ya kuchukua umiliki wa faili) na icacls (ya kubadili ruhusa zake), ndizo ninazozitegemea. Zimo ndani ya Windows yenyewe, hazilipiwi, wala hazihitaji intaneti. Ila zinafungua kufuli la aina moja tu, na hapo ndipo wengi wanapotea.

Windows haikutambui kwa jina. Inakutambua kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na ukisakinisha upya unapewa nyingine, hata kama umerudia jina na nenosiri lile lile. Faili zako za kwenye D: bado zinamtambua mwenye namba ya zamani. Angalia sehemu ya usalama kwenye sifa za folda: ukikuta akaunti isiyojulikana yenye namba hiyo, shida ni ruhusa tu na inatibika.

Fungua CMD, dirisha la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi. Usitumie PowerShell, maana haiielewi %USERNAME%. Kisha:

takeown /F "D:\Nyaraka" /R /D Y
icacls "D:\Nyaraka" /reset /T /C
icacls "D:\Nyaraka" /grant "%USERNAME%:(OI)(CI)F"

Wengi huishia kwenye takeown, wanajaribu kufungua faili, zinagoma tena. Umiliki peke yake haukupi kusoma. Unakupa mamlaka ya kubadili ruhusa. Amri ya pili inafuta ruhusa za zamani pamoja na makatazo, na hilo ni muhimu kwa sababu katazo lililowekwa wazi hushinda ruhusa. Ya tatu inakupa ruhusa kamili, na (OI)(CI) ndiyo inayoishusha mpaka kwenye faili na folda za ndani. Kwenye folda kubwa subiri, usifunge dirisha. icacls ikimaliza hutaja idadi ya zilizofanikiwa na zilizoshindikana, isome.

Vitu viwili vidogo vinasumbua. Ile Y ya kwenye takeown, yaani jibu la "ndiyo", hufuata lugha ya Windows: kwenye ya Kijerumani ni J. Na njia ya folda isiishie na \ kabla ya alama ya kufunga nukuu, kwani amri itaisoma vibaya. Halafu, tafadhali, usiziendeshe kwenye C:\ nzima. Utavuruga ruhusa za mfumo na kujikuta unasakinisha tena.

Udhaifu wake mkubwa unaonekana faili zikiwa zimesimbwa (zimefungwa kwa msimbo wa siri) kwa EFS, mfumo wa Windows wa kusimba faili moja moja. Ujumbe unaotokea ni ule ule wa kunyimwa ruhusa, kwa hiyo mtu anarudia takeown bila mafanikio. Pima kwanza:

cipher /c "D:\Nyaraka\mkataba.docx"

Ikikuonyesha kuwa faili imesimbwa, utaona pia alama ya cheti cha kidijitali kinachoweza kuifungua. Hapo unahitaji cheti hicho pamoja na ufunguo wake, kwa kawaida faili ya .pfx uliyoihifadhi zamani. Ibofye mara mbili, weka nenosiri lake, iingize kwenye hifadhi yako binafsi ya vyeti, na faili zitafunguka. Kama huna .pfx lakini folda ya Windows.old bado ipo, inakili kwenye diski nyingine leo hii, kwa sababu Windows 10 na 11 huifuta zenyewe baada ya siku 10. Funguo zimo ndani ya AppData\Roaming\Microsoft, kwenye folda za Crypto, Protect na SystemCertificates, na kuzitoa kunahitaji nenosiri la akaunti ya zamani. Kama diski ilifomatiwa na nakala ya cheti haipo, usimpe mtu pesa kwa ahadi ya kuzifungua.

Kuwasha kompyuta kwa flashi ya Linux kunakwepa ruhusa za NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski, na ni haraka kwa kunakili, lakini mbele ya EFS nako kunagonga mwamba.

BitLocker, mfumo wa Windows unaosimba diski nzima, ni habari nyingine: diski nzima inakataa kufunguka, na dawa yake ni ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Linganisha kitambulisho chake na kile kinachoonekana kwenye skrini kabla ya kuanza kuandika.