Nimeachana na Mazda Roadster, nimehamia Toyota Vitz RS ya gia: uzoefu wangu wa miezi minane

Bodaboda mmoja alisimama ubavuni mwangu kwenye mataa ya Mwenge, akaniangalia kutoka juu kama mtu anayechungulia kisima, akauliza, "Sista, hii ya kwako au ya shemeji?"

Nilikuwa nimefungua paa. Saa saba na nusu mchana, mwezi wa kwanza, jua la kuchoma. Kabla sijamjibu, muuza korosho wa upande wa pili alishaniwekea pakiti mbili mapajani. Taa ikawa kijani, nyuma wakaanza kupiga honi, korosho nikaondoka nazo. Ilibidi jioni nirudi kumtafuta nimlipe.

Nianze kwa kusema kwamba sijaja kuiponda Roadster, ile Mazda ndogo ya viti viwili na paa la kukunja. Wengi mnaijua kwa jina la MX-5; Japani ndiyo wanaiita Roadster. Yangu ilikuwa ya 2006, kizazi cha tatu, kile kinachoitwa NC. Injini cc 1,998, gia sita za mkono, inasukumwa na matairi ya nyuma, na uzito wake ni tani moja na kilo mia hivi. Mazda wenyewe wana msemo wao wa Kijapani kuhusu gari hii, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji wake kuwa kitu kimoja. Nilidhani ni maneno ya kibiashara mpaka Jumapili moja alfajiri nilipotoka nayo kuelekea Bagamoyo. Ukishaiacha Bunju barabara inafunguka. Kijiti cha gia ni kifupi, unakisogeza kwa kiganja tu, bega halina kazi. Ukigusa usukani, pua ya gari imeshageuka. Nilifika Bagamoyo, nikanywa chai na maandazi, nikageuza. Sikuwa na shughuli yoyote kule.

Lakini alfajiri ya Jumapili ni moja kwa wiki. Siku zilizobaki mimi ni mtu wa Goba kwenda Posta na kurudi.

Kutoka kwangu mpaka kwenye lami kuna matuta kumi na moja. Hayajawekwa na mhandisi yeyote. Ni ya wananchi waliochoka kugongewa kuku. Kila moja nililipanda kiupande, tairi moja baada ya jingine, huku bajaji iliyo nyuma inanitukana kwa honi. Mawili ya mwisho ndiyo marefu zaidi, nilikuwa nazima redio nikiyakaribia ili nisikie kama tumbo la gari limegusa. Sauti yenyewe naijua mpaka leo, krrrr moja fupi, na unaisikia kwenye meno kabla ya masikioni.

Halafu masika. Hili nalieleza kwa urefu kidogo maana huenda likamwokoa mtu hela. Nyuma ya viti, pale turubai la paa linapokutana na bodi, kuna mirija ya kutoa maji ya mvua kuyapeleka chini ya gari. Mimi naegesha chini ya mwarobaini. Vile vijani vyake vyembamba vikikauka vinaingia kwenye ile mirija kana kwamba vilikatwa kwa kipimo chake. Mvua kubwa ya kwanza nikakuta kapeti limelowa chapachapa, gari inanuka kama gunia bichi. Fundi wa kwanza, gereji yenye kiyoyozi na kahawa ya bure, aliniambia turubai limechoka, libadilishwe lote, na akanitajia bei ya kununulia pikipiki mpya. Fundi wa pili, wa chini ya mti, alichomoa waya wa breki wa baiskeli, akazibua kushoto na kulia, akamwaga maji kidumu kizima nyuma ya viti tukayaangalia yakitokea chini. Elfu kumi. Tangu siku hiyo kila mwezi nikawa nazibua mwenyewe.

Injini haikunisumbua hata siku moja. Ni ukoo mmoja na zile za Mazda Axela, kwa hiyo plagi, filta na vitu vya ndani unavipata Gerezani au Ilala ukiwa mvumilivu. Bodi ndiyo balaa. Bodaboda alinipasulia taa ya nyuma, nikaikaa miezi miwili na nusu nimeifunga kwa selotepu nyekundu nikisubiri ije kutoka nje.

Nadhani mmeanza kuona. Nilikuwa nimeacha kuiendesha gari, nimebaki kuichunga kama mbuzi wa mwenye shamba. Kila njia naipima kwanza: kuna maji? Kuna kifusi? Na tangu waanze ujenzi wa mwendokasi kwenye barabara ya Bagamoyo, kila wiki mchepuko mpya wa vumbi na mawe, basi ikawa safari nyingine namwomba mfanyakazi mwenzangu lifti huku yangu imelala nyumbani na turubai juu.

Aliyenimaliza ni mama. Alikuja kutoka Kyela, nikaenda kumpokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, saa nne usiku. Nilijua anakuja peke yake. Akashuka na mdogo wangu wa mwisho, gunia la mchele, ndoo mbili za parachichi na jogoo. Akaizunguka gari polepole, akainama kuchungulia ndani.

"Mwanangu, hii ndiyo ile ya kwenye picha?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nikikaa hapo, mdogo wako anakaa wapi?"

"Atakuja na bodaboda."

"Na mchele?"

Buti ya Roadster ni lita 150, na turubai likikunjwa halili hata nafasi hiyo, jambo zuri kabisa, ila gunia la Kyela lilijazwa na watu wasiojua habari za lita. Mchele ulikodiwa bajaji pamoja na jogoo. Tuliongozana mpaka Goba, bajaji mbele, mimi nyuma na nguvu zangu za farasi 170 kwa mwendo wa bajaji. Mama hakusema neno njia nzima.

Kutafuta mbadala kulinichukua miezi mitano. Masharti yangu yalikuwa matatu: gia za mkono, viti vya nyuma vya watu wazima, na fundi yeyote wa mtaani aweze kuifungua bila kuangalia video. Kuagiza Japani nilikuacha, maana gari iliyozidi miaka minane inaongezewa ushuru kwa uzee wake, na zile za chini ya miaka minane zenye gia za mkono bei yake haikuwa ya mfuko wangu.

Toyota Altezza RS200 niliendesha mbili. Tamu sana, injini ya 3S-GE na gia sita, na vijana wa Dar wanaipenda kuliko wanavyojipenda. Hilo ndilo tatizo lake. Uzalishaji uliisha 2005, na kila moja niliyoiona imeshapita kwenye mikono ya watu watano wanaoendesha kama wanakimbiza mwizi. Honda Fit RS nusura niichukue kwa sababu ya viti vyake tu: tenki la mafuta liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma unavinyanyua makalio yake juu na kubakiwa na uwazi wa kusimamisha hata friji ndogo. Fundi wangu alivuta pumzi niliposema Honda. Hakueleza zaidi, na mimi sikubishana na ile pumzi.

Suzuki Swift Sport ndiyo iliyoniumiza. Ya 2013, cc 1,600, nguvu 136, gia sita. Kwa raha ya kuendesha inaizidi Vitz niliyonunua, nasema wazi. Ila iliyokuwepo ilikuwa moja tu, mlango wa kushoto unafunga kwa kuombwa, na muuzaji kila nikimuuliza habari za ajali anabadilisha mada anaongelea muziki.

Basi nikaangukia Vitz RS ya 2012, RS likiwa ndilo toleo lake la kimichezo. Hapa nina la kusema, maana mjini kuna utapeli wa kijinga. Kibandiko cha RS kinauzwa, na spoila inauzwa. Usiangalie makalio ya gari, fungua boneti usome kibao. Ikiandikwa KSP130 hiyo ni ya cc 1,000 yenye silinda tatu. NSP130 ni ya 1,300. RS ni NCP131, injini 1NZ-FE ya cc 1,500. Niliitiwa "RS" nne na madalali. Mbili zilikuwa silinda tatu. Halafu RS za kweli nyingi ni otomatiki za mkanda, zile za CVT, ambazo kwangu ni sawa na pilau bila nyama. Uliza pedali ni ngapi kabla hujapanda daladala kwenda kuiona.

Kuiuza Roadster ilikuwa kichekesho. Wiki tatu watu walikuja, wakakaa ndani, wakapigana picha, wakaondoka. Mmoja alikuja na nguo za kubadilisha. Mwishowe yadi moja ikakubali kubadilishana: wakachukua Roadster, wakanipa Vitz na milioni sita juu. Karatasi zilikwenda vizuri, mkataba kwa mwanasheria, kadi ikabadilishwa jina. Kilichoniudhi ni kwamba waliniahidi matairi mapya, nilipokwenda kuchukua gari nikakuta yaleyale ya zamani yamepakwa dawa yang'ae. Nikadai hela yake hapohapo. Kagua gari mchana, tafadhali, na usikague ikiwa imetoka kuoshwa.

Sasa ikoje? 1NZ ndiyo ileile ya IST, ya Raum na ya Probox, ni injini ya taifa. Haina makeke, ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, na hata fundi aliyelala akiamshwa ataifungua. Wiki ya tatu bushi za mbele, zile raba za kwenye miguu ya gari, zilianza kugonga. Nilipita Gerezani wakati wa chakula cha mchana, saa nane zikawa zimeshafungwa. Kwa mtu aliyekaa na selotepu miezi miwili na nusu, nilitaka kulia.

Na raha? Iko, tena karibu. Shuka kutoka Goba kuja Tangi Bovu asubuhi kabla magari hayajawa mengi: mlima, kona, mlima tena. Vitz hii ina nguvu 109 tu, na uzito wake ni tani moja na chenji kidogo, kwa hiyo lazima uikamue. Unaivuta gia ya kwanza mpaka inalia, unaingiza ya pili, unaivuta tena, moyo unadunda, ukitupa jicho kwenye dashibodi uko hamsini. Roadster gia ya kwanza pekee ilikuwa inakufikisha karibu hapo, na zimebaki tano zinakushawishi, na askari wa tochi amekaa chini ya mwembe na karatasi yake ya elfu thelathini. Matuta yangu kumi na moja sasa nayapita nikiwa naimba. Kwenye foleni klachi ni laini, mguu wa kushoto umepona.

Mafuta: Roadster kwenye foleni ilinipa kilomita nane au tisa kwa lita, Vitz inanipa kumi na tatu nikiwa na adabu. EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakitangaza bei ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku hizi nasoma nikiwa nimekaa.

Ina ubaya wake, tena siyo mdogo. Usukani ni mwepesi na bubu. Haukuambii tairi linafanya nini. Kelele za lami zinaingia ndani zote, na ukifika mia kwenye gia ya tano injini bado inaomba ya sita ambayo haipo. Ukiwasha kiyoyozi na watu wanne ndani, kile kilima cha Goba unakipanda kwa gia ya pili kama kila mtu. Sketi za pembeni, zile plastiki za chini ya milango, ziko chini, nimeshazikwangua kwenye kingo za maegesho ya Kariakoo mara mbili. Plastiki ya dashibodi ni ya ndoo. Na hakuna mtu anayegeuza shingo. Mwanzoni niliona afadhali. Baada ya mwezi, nikiwa mkweli, nikaona kama nimekuwa hewa.

Roadster naikumbuka nikisikia harufu ya mvua ya alfajiri, na nikibadilisha gia ya tatu kwenda ya pili, maana kijiti cha Vitz kina safari ndefu kidogo na kinakuja kama kijiko kwenye uji. Nimeagiza kile kifupi cha kubadilishia, kikifika nitasema kama kimesaidia.

Mwezi uliopita mama amekuja tena. Safari hii magunia mawili, ndoo tatu, mdogo wangu na rafiki yake. Nikalaza kiti kimoja cha nyuma, vitu vikaingia vyote, vijana wakajibana, tukaondoka stendi saa tatu na dakika. Mama alifunga mkanda akanyamaza mpaka Goba Njia Nne.

"Ile nyekundu walikupa shilingi ngapi?"

Nikamweleza hesabu yote, Vitz na milioni sita.

"Wamekupunja," akasema.