Tahadhari Tanga: "mchoro bure" ulivyonilipisha mara mbili

Ndugu zangu wa Tanga, hasa mnaomalizia nyumba huku Kange na Mikanjuni, kuna kijana anapita akijitambulisha kuwa msanifu wa ndani, yaani mtu wa kupanga na kupendezesha ndani ya nyumba. Ana maneno matamu, ana picha nzuri kwenye simu. Kauli yake ya kwanza: "Mchoro bure, utanipa asilimia 10 tu ya gharama."

Nilikubali. Kwa sebule peke yake akaniletea hesabu ya vigae: boksi 24, kila moja 41,000, jumla 984,000. Risiti ya kuandikwa kwa mkono, haina hata muhuri. Juzi kigae kimoja kikapasuka mlangoni, nikatia kipande kwenye mfuko nikaenda Ngamiani kutafuta kinachofanana. Muuzaji akakigeuza, akasoma maandishi ya nyuma, akasema: "Hiki boksi 28,000, mama. Bei haijabadilika mwaka mzima." Nikapiga hesabu nimesimama palepale: 13,000 mara 24, ni 312,000 za cha juu. Na ile asilimia 10 yake alishaikata kwenye 984,000 ileile! Kigae kimoja, kakila mara mbili.

Msinielewe vibaya, msanifu ana haki ya kulipwa. Wapo wanaotoza kwa saa, kwa mita ya mraba, au bei moja ya kazi nzima. Wapo wa asilimia, na wapo wanaonunua vitu kwa bei ya jumla wakakuuzia na faida yao. Mkikubaliana, yote ni halali. Wizi ni kuchukua asilimia hadharani na cha juu kimyakimya. Tena mtu wa asilimia, vitu vikiwa ghali ndivyo naye anavyopata zaidi, kwa hiyo usitegemee akuhangaikie bei nafuu.

Lipeni duka wenyewe, kwa lipa namba. Daini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina lako. Na msanifu aandike kwenye mkataba kama dukani anapewa kamisheni au hapewi. Mimi nilimwomba aandike, akanijibu, "Tuaminiane, dada," nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea, na inaniuma mpaka leo.

Tulikaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, akarudisha 150,000. Zilizobaki aliahidi mwisho wa mwezi, na sasa simu yake haipatikani. Nasikia ameanza kazi nyingine upande wa Sahare. Kama ni nyumba yako, kabla hujamwongezea hela, nenda na kigae dukani ukaulize bei.