Alasiri ya Mudimbe, Kamalondo: nendeni, na mwenye kitabu aje nacho

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Lubumbashi, kwenye sekondari moja ya Katuba. Darasani V. Y. Mudimbe, mwandishi wetu wa riwaya na mwanafalsafa, anamalizika haraka: alizaliwa Likasi tarehe 8 Desemba 1941, akafundisha chuo kikuu hapa kwetu, akaenda uhamishoni enzi za Mobutu, akafariki Marekani Aprili 2025. Wanafunzi wanaandika, wanafunga daftari. Kwa hiyo ninausifu kwa moyo wote ule mkutano wa sanaa unaofanyika kila Desemba katika uwanja mmoja wa komini ya Kamalondo. Pale riwaya zake zinafunguliwa mbele ya watu ambao hawajawahi kuzishika mkononi, na hao hao ndio wanaobishana juu yake.

Kuingia ni bure. Viti vya plastiki, turubai kwa ajili ya mvua, sahani za bukari (ugali) na sombe (kisamvu) pembeni, na munkoyo baridi, kile kinywaji cha mahindi, ambao wanafunzi wangu waliumaliza mapema. Ukutani wachoraji wa mtaani walikuwa wametundika kazi zao. Moja ilinishika: Pierre Landu, yule padri wa Entre les eaux (1973) anayewafuata wapiganaji wa msituni, amechorwa kanzu ikiwa imegeuka rangi ya udongo hadi magotini, uso bado safi. Mchoraji huyo alikielewa kitabu kuliko mitihani mingi niliyosahihisha.

Kisha muziki wa karindula. Banjo kubwa la bidoni na ngozi ya mbuzi likilia Kamalondo, hakuna anayebaki nyumbani, na waandaaji wanalijua hilo. Mchezo uliotolewa katika riwaya yake Le Bel Immonde, ule wa msichana wa baa aitwaye Ya na waziri wake, ulichezwa kwa Kiswahili chetu cha mjini. Dada aliyekuwa Ya alikuwa mzuri sana. Waziri alipiga kelele mno.

Lakini cha kuwapeleka huko ni usomaji wa Shaba deux (1989). Riwaya hii ni madaftari ya mtawa mmoja, Mama Marie-Gertrude, aliyeko Kolwezi wakati wa vita vya 1978. Kijana alisoma kurasa chache kwa Kifaransa, mwenzake akazisimulia kwa Kiswahili, bila haraka. Walipomaliza, mama mmoja mzee alisimama bila kuitwa. Alikuwa Kolwezi Mei ile ya 1978. Alieleza jinsi walivyolala chini ya vitanda, jinsi maji yalivyokwisha ndani ya ndoo, jinsi watoto walivyotoka nje kushangaa wanajeshi wa Ufaransa wakishuka kwa miavuli. Baba mwingine alimkatiza: "Hapana mama, mwandishi hakuona hayo, alikuwa mbali." Mama akamjibu: "Baba, mimi nilikuwa pale, na huyu mtawa anaogopa vile vile nilivyoogopa mimi." Uwanja mzima ulipiga makofi. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye hajainua mkono darasani tangu Septemba, alimuuliza mama kama masista walikuwa wakiwafungulia watu mlango. Wakazungumza hadi umeme ulipokatika, na wakaendelea gizani mpaka jenereta ikawashwa.

Sasa, yapo mawili ya kurekebisha. Usomaji uliwekwa mwishoni kabisa, saa ambayo watu wa Ruashi na Katuba wanaanza kuhangaikia teksi-basi. Wengi waliondoka katikati ya maneno ya yule mama, na inauma. Wekeni usomaji kabla ya muziki. Kwa karindula watu watabaki tu.

La pili ni zito zaidi: vitabu havipo. Mezani palikuwa na nakala moja ya Entre les eaux, imechakaa, si ya kuuzwa. Vijana walipanga foleni kuipapasa, wakasoma ukurasa wa kwanza wakiwa wamesimama. Mtu ambaye moyo wake umewashwa jioni ile aende wapi kesho yake? Waandaaji wangeweza kutoa fotokopi za kurasa zinazosomwa, hata kwa franka mia chache, tungelipa.

Na wewe unayesoma hapa, kama baba yako au mjomba aliyesoma chuo miaka ile ana riwaya ya Mudimbe kabatini, muombe. Kuna wanafunzi wa Katuba ambao wananiuliza kila Jumatatu.