ThinkPad T480 ya mtumba kwa studio ya nyumbani: uzoefu wangu

Laptopu hii ya Lenovo ilitoka mwaka 2018, na nyingi zilizopo sokoni zilianzia maofisini. Nimeitumia kurekodi sauti, gitaa na kinanda cha MIDI kwa programu ya REAPER, pamoja na kadi ya sauti ya USB yenye matundu mawili ya maiki. Kazi ya treki 20 hadi 30 inaimudu. Anayetaka okestra nzima ya sampuli (sauti za ala zilizorekodiwa tayari), hii siyo yake.

Dukani soma jina hadi herufi ya mwisho. T480s si T480: sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye ubao, limebaki tundu moja tu, na betri yake huwezi kuibadilisha bila kufungua mashine. T470 nayo kwa umbo ni pacha, lakini prosesa zake za kizazi cha 6 na 7 hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025.

Kuhusu prosesa, muuzaji atakusifia i7. Zote, i5-8350U na i7-8650U, zina viini 4, na zote zimetengenezwa kwa wati 15. Kwa karatasi i7 hupanda hadi 4.2 GHz na i5 hadi 3.6 GHz, ila mzigo ukidumu dakika kadhaa joto linazishusha zote mbili na pengo linapungua sana. Mimi ningechukua i5 na chenji niitie kwenye RAM.

Kabla ya kulipa, chomeka chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C, moja baada ya jingine. Moja ya hayo ni tundu la Thunderbolt (USB-C ya kasi zaidi), na toleo la zamani la programu yake ya ndani liliweza kuliharibu, na Lenovo walitoa marekebisho. Yaweke siku hiyohiyo uliyonunua. Kisha andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nyuma inayochomoka; ya ndani ilizaliwa na Wh 24 (wati-saa). Ukikuta 10, punguza bei.

Nyingi zinauzwa na kijiti kimoja cha RAM cha GB 8. Ongeza cha pili kama hicho, zifike 16. Ingia BIOS (menyu ya mashine kabla Windows haijawaka), Config, Power, uzime betri ya ndani, halafu chomoa ya nyuma. Legeza skrubu 6 za chini (zinabaki kwenye kifuniko, usizivute) na uachanishe kingo kwa kadi ya plastiki. Bisibisi inavunja vijino. Kwa diski, SSD ya GB 512 inatosha: treki moja ya mono ya biti 24 na 48 kHz inakula takriban MB 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 wenye treki 10 ni kama MB 345. Kinachojaza diski ni maktaba za sampuli.

Sasa mahali ambapo wengi hulaumu mashine bure: sauti kuchelewa na kukatakata. Tumia draiva ya ASIO (inayopunguza ucheleweshaji wa sauti) iliyotoka kwa mtengenezaji wa kadi yako. Bafa ni kipande cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukichakata; ya sampuli 128 (hapa ni vipimo vya sauti) kwa 48 kHz ni milisekunde 2.7, ukijumlisha kwenda, kurudi na kazi ya kadi yenyewe unafika karibu 10, sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika. Mpiga gitaa anavumilia. Mwimbaji aliyevaa hedifoni anaanza kulalamika, kwa hiyo mbonyezee kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kwenye kadi, na bafa iache 256.

Ikikatakata hata kwa bafa ya 512 wakati mita ya prosesa inasoma asilimia 20, prosesa haina kosa. Fungua programu ya LatencyMon, iache dakika 10, uone draiva gani inachelewesha. Mara nyingi ni Wi-Fi: izime kabla ya kurekodi. Weka umeme kwenye High performance na uzuie USB kulala. Kumbuka pia kwamba plagini (programu ndogo za kubadili sauti) zilizopangwa kwenye treki moja hufuatana, ya pili ikisubiri ya kwanza, ndiyo maana treki moja yenye plagini nzito 8 inaweza kukwama huku viini vingine vikipumzika. Igandishe treki hiyo (freeze, yaani igeuzwe sauti iliyokamilika), uendelee na nyingine.

Mvumo kwenye maiki una vyanzo viwili, na sikio linavitofautisha. Ukisikia "zzz" yenye vijimlio vinavyobadilika unaposogeza kipanya, chomoa chaja. Mvumo ukinyamaza, tatizo ni umeme wa chaja, hasa pale soketi isipokuwa na erthi. Rekodi kwa betri au mwite fundi. Mvumo ukibaki, na ni "shhh" laini inayopanda taratibu, hiyo ni feni. Maiki ya kondensa (nyepesi kunasa sauti ndogo) inaisikia ikiwa umbali wa sentimita 50. Tumia waya wa USB wa mita 3, laptopu ikae nyuma ya maiki, na kila miezi michache puliza vumbi kwenye matundu ya hewa. Hapa ndipo laptopu hii inaponikera zaidi.

Inaponifurahisha ni umeme ukikatika. Kadi inayopata umeme kwa USB haizimiki, na rekodi inaendelea. Spika ndizo zinazonyamaza. Betri ya nyuma ikiisha unaichomoa na kuweka nyingine bila kuzima, kwa kuwa ya ndani inashikilia mashine. Ya Wh 72 inatokeza kwa chini na kuinua laptopu kidogo, na hewa inapita vizuri zaidi. Ila kwenye betri prosesa hushuka kasi, kwa hiyo hakikisha bafa iko 256 kabla mwimbaji hajaanza, siyo katikati ya ubeti.