Riwaya za vita vya angani: zipi za kununua Lubumbashi, na ukurasa wa kuangalia kabla ya kulipa

Malalamiko ya wasomaji wa Lubumbashi yanafanana. Mtu ananunua riwaya nene ya vita vya angani, yaani vya meli zinazopigana kati ya nyota, anaisoma kwa hamu usiku kucha, anafika ukurasa wa mwisho ndipo adui anaanza kugeuza meli zake. Basi, imeishia hapo. Akirudi kwa muuzaji anaambiwa hadithi ndivyo ilivyo, mwandishi alitaka hivyo. Uongo mtupu. Ameuziwa nusu ya kitabu.

Mwongozo huu hauna habari ya jalada zuri wala hadithi ipi "inasisimua"; hayo kila mtu na roho yake. Swali ni moja: kitabu ulichokishika ni kizima au ni kipande? Likishajibiwa, ndipo uulize kama juzuu ya mwisho inapatikana.

Nyingi za riwaya hizi huandikwa kwa Kiingereza, na zinapotafsiriwa kwa Kifaransa hurefuka. Kitabu kikishakuwa kinene kupita kiasi, mchapishaji hukikata mara mbili na kuuza kila nusu kwa bei yake. Mfano ni mfululizo wa Honor Harrington wa David Weber. Kitabu chake cha tisa, Ashes of Victory cha mwaka 2000, ni kimoja kwa Kiingereza; kwa Kifaransa ni viwili, Les Cendres de la victoire 1 na 2. Ukiokota namba 2 peke yake barabarani, umenunua mkia wa samaki.

Namna ya kukagua ni hii. Fungua ukurasa wenye jina la kitabu, kisha ugeuze. Nyuma yake kuna maandishi madogo ambayo watu huyaruka. Tafuta maneno "Titre original", yaani jina la asili: vitabu viwili vya Kifaransa vikiwa na jina moja la Kiingereza hapo, hivyo ni vipande vya kitabu kimoja. Halafu tazama ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu. Vitabu vya tangu 2007 vina tarakimu 13, na vya Kifaransa vingi huanza na 978-2. Vya zamani vina tarakimu 10 na huanza na 2 tu. Baada ya hapo ndiyo namba ya mchapishaji: 84172 ni L'Atalante, 290 ni J'ai lu, 266 ni Pocket, 253 ni Le Livre de Poche. Mwisho tafuta orodha ya "Du même auteur" (vya mwandishi huyohuyo), ambayo aghalabu hupanga juzuu kwa mfuatano. Jihadhari na neno "tome 1" lililo peke yake: huenda ni juzuu ya kwanza ya mfululizo, huenda ni nusu ya kwanza ya juzuu ya tisa. Na namba iliyoandikwa kwa kalamu nene juu ya jalada ni ya muuzaji, usiiamini hata kidogo.

Kama kitabu kimefungwa kwa plastiki, sema: "Papa, tufungulie nione ukurasa wa pili." Akikataa, mwachie kitabu chake.

Tuje kwenye zenyewe.

Ya kwanza, na hapa hakuna kuficha upendeleo, ni La Flotte perdue ya Jack Campbell, toleo la L'Atalante. Jack Campbell ni jina la kalamu la John G. Hemry, ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, na uofisa huo unaonekana kila anapopanga meli zake. Juzuu ni sita: Indomptable, Téméraire, Courageux, Vaillant, Acharné, Victorieux. Hakuna iliyokatwa, na vita unayoikuta kwenye ya kwanza inaisha kwenye ya sita. Mizunguko mingine ilifuata, lakini ukiishia hapo hudaiwi kitu.

Kinachowapendeza wasomaji ni jinsi umbali unavyopiganwa. Mwanga una mwendo wake: adui akiwa umbali wa saa mbili za mwanga, unachokiona kwenye kioo ni mahali alipokuwa saa mbili zilizopita. Naye hajakuona bado. Kapteni Geary, shujaa wa hadithi, anatoa amri leo kwa ajili ya adui ambaye huenda alishageuka zamani, na amri yenyewe inachelewa kuzifikia meli zake za mbali. Hesabu hiyo ndiyo utamu wote. Lawama zipo, na ni za haki: kila juzuu inaanza kwa kukueleza upya kwamba Geary alilala usingizi wa baridi miaka mia, makapteni wakorofi wanafanana kama wamekatwa kwa kiolezo, na mambo ya mapenzi yanaburuzwa. Ukisoma zote sita mfululizo, ruka kurasa za mwanzo za juzuu ya pili na kuendelea, hukosi lolote.

Ya pili ni John Scalzi, Le Vieil Homme et la guerre, nayo ya L'Atalante. Raia wa duniani akifika miaka 75 anaruhusiwa kujiandikisha jeshi la angani, naye anapewa mwili mpya. Kitabu ni kifupi, kinachekesha, na kinajitosheleza, kwa hiyo ndicho salama kuliko vyote kwa anayetaka kuonja tu. Kwa Kiingereza kilitoka 2005. Ukikipenda, ongeza viwili vilivyokifuata, vya 2006 na 2007. Cha nne, kile cha Zoé, kinasimulia tena mambo ya cha tatu kwa macho ya huyo Zoé, binti wa kulea wa shujaa. Wasomaji wamegawanyika, na ukiwa na pesa chache hapo ndipo pa kubana.

Ya tatu ni Honor Harrington yenyewe. Kwa utajiri wa ulimwengu wake ingekuwa ya kwanza. Kilichoishusha ni vipande na urefu. Kitabu cha mwanzo, On Basilisk Station cha 1993, kina kosa linalojulikana na kila aliyekisoma: meli mbili zinafukuzana, roho iko mkononi, na mwandishi anasimamisha mbio ili aeleze kwa kurasa kadhaa historia ya usafiri wa anga za mbali. Hapo wengine hukitupa. Vumilia au ruka, kwa maana pambano linalofuata ni kali na gharama yake kwa mabaharia haifichwi. Msomaji wa Kifaransa atacheka pia kukuta kiongozi wa mapinduzi wa upande wa adui anaitwa Rob S. Pierre: litamke haraka, unapata Robespierre wa Mapinduzi ya Ufaransa.

Kwa mfululizo huu, anayesoma Kiingereza asinunue karatasi. Mchapishaji wake wa Marekani, Baen, huuza faili zisizo na kufuli, na kwa miaka mingi kitabu cha kwanza kimekuwa kwenye maktaba yake ya bure. Chukua faili ya EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kielektroni. Riwaya isiyo na picha mara nyingi haizidi mega chache, kwa hiyo hata mtandao dhaifu unaitosha. Kwenye simu programu kama ReadEra inaifungua bila intaneti wala akaunti. Weka herufi kubwa na mandhari nyeusi; kwenye simu yenye kioo cha OLED, betri itakushukuru umeme ukikatika. Mwenye uwezo wa kununua kisomeo cha wino wa elektroni achague Kobo: inasoma EPUB moja kwa moja na chaji yake inakaa wiki nyingi.

Wa karatasi, bei isiyohesabiwa ni ya njia. Hapa posta haikuletei kifurushi mlangoni, kwa hiyo ni msafiri au mizigo ya kilo. Juzuu moja kubwa ya L'Atalante ichukulie nusu kilo. Sita ni kilo tatu hivi. Omba kilo tatu kwa safari moja, sio nusu kilo mara sita, maana msafiri wa nne atasahau. Mwenye ndugu Brussels amtume duka la Pêle-Mêle, boulevard Maurice Lemonnier, kwenye vitabu vilivyokwisha kusomwa, na amtumie orodha ya majina yaliyoandikwa yote. Ukimwambia "niletee za vita vya angani" atakuletea juzuu ya tano na ya tisa. Vya Kiingereza huweza kupitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, lakini kupata mfululizo mzima kwa njia hiyo ni bahati.

Za bei rahisi: toleo dogo la J'ai lu la La Guerre éternelle ya Joe Haldeman, aliyepigana Vietnam, ni hadithi nzima ndani ya kitabu kimoja, chukua. PDF za kwenye flashi, hapana. Kurasa zinaruka na vyeo vya maofisa vinageuka herufi zisizosomeka.

Kitabu kilichotumika kifungue katikati, usikilize mgongo. Ukilia kama kijiti kikavu, gundi imekufa, na majira ya kiangazi huimaliza kabisa. Kurasa chache zikichomoka zinarudishwa kwa gundi nyeupe ya seremala, mstari mwembamba tu, kisha kitabu kilale chini ya kitu kizito hadi asubuhi. Gundi nyingi huganda kurasa tatu pamoja.

Na wauzaji! Bei wanaitaja kwa unene, ndiyo maana nusu mbili za kitabu kimoja zinakugharimu kuliko kizima. Kitabu hakina jalada la nyuma, kurasa zimeliwa na mende, wao wanataka dola. Ukiwapa dola yenye mpasuko wa ukucha wanairudisha: "Hii haitembei." Lipeni kwa franga, na hesabuni bei kwa hadithi nzima. Nusu mbili zikiwepo zote, zichukuliwe pamoja kwa bei ya kitabu kimoja. Ikiwepo moja tu, iache palepale hata kwa bei ya bure, isipokuwa nusu ya pili unayo tayari nyumbani.