Rivyuu ya sindano za testosteroni za jimu: mwili ulijaa kweli, ila

Wakuu habari za masiku. Hii nimeichelewesha karibu mwaka mzima kwa sababu ya aibu tu, mtu mzima wa miaka 46 na watoto watatu kukaa kusimulia alivyokuwa anachomwa sindano za makalio kwenye stoo ya jimu, pembeni ya ndoo za deki, inahitaji moyo. Lakini kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananivuta pembeni ananiuliza kwa sauti ya chini "hivi bro zile vitu zinafanya kazi?" sasa ngoja niandike mara moja nimalize.

Zinafanya kazi. Ndo tatizo lenyewe lilipo.

Nilikuwa kilo 98, kitambi kinaingia mlangoni kabla yangu, kazi yangu ya kukaa, nalala saa sita naamka saa kumi na nusu kuwahi foleni ya kutoka Tabata, mchana nimechoka kama nimepiga zege. Na ndani ya nyumba nako kasi ilikuwa imepungua, watu wazima mmenielewa. Supu ya pweza nilishakunywa hadi muuzaji ananiwekea bakuli langu akiniona kwa mbali, alkasusu nimekunywa, vumbi la Kongo jamaa wa ofisini alinipa kapakiti nikaogopa nikakatupa. Ndo nikajiunga jimu. Miezi minne nabeba chuma, nimepungua kilo mbili. Kilo mbili wakuu, hata mkanda haujui.

Kocha akaniita. "Bosi, umri wako huo mwili hautengenezi tena. Unapiga tizi bure, tenki halina mafuta." Mimi nani nikatae, maana nilikuwa nahisi hivyo hivyo.

Sasa kwenye umri hakudanganya sana. Testosteroni, ile homoni ya kiume, inaanza kushuka pole pole ukishavuka 30 na kitu, makadirio yanayotajwa sana ni kama asilimia 1 kwa mwaka. Ila kushuka sio sawa na kuishiwa, hata mbio zangu zimeshuka tangu nina miaka 20 na hakuna mtu ameniandikia dawa ya mbio. Chama cha madaktari wa njia ya mkojo cha Marekani kinaweka mstari wa upungufu kwenye 300 (nanogramu kwa desilita ya damu, ng/dL), na hapo ni lazima upimwe damu asubuhi, siku mbili tofauti, na uwe na dalili juu yake. Kocha yeye kipimo chake kilikuwa jicho. Aliniangalia kifua akasema "iko chini hii".

Bei: elfu 25 kwa ampuli, kuchomwa bure, nikachukua dozi ya wiki 12, laki tatu taslimu, risiti hamna. Dawa yenyewe Sustanon 250. Maboksi alikuwa anayatupa anabaki na ampuli kwenye mfuko mweusi, ila moja nililiomba nikaenda nalo nyumbani na karatasi yake ya maelekezo, na kwa kweli ile karatasi ndo kitu bora kuliko vyote nilivyopata kwenye hela yangu. Nikajua ndani kuna testosteroni za aina nne, zingine zinatoka haraka zingine zinachelewa, jumla miligramu 250, na zimechanganywa kwenye mafuta ya karanga. Mafuta ya karanga! Mtu ana aleji ya karanga unamchoma stooni, daktari yuko wapi? Halafu nikaona pale kwamba mgonjwa wa kweli kwa kawaida anachomwa moja kila wiki tatu. Mimi nilikuwa nachomwa moja kila wiki. Nikamuuliza kocha, akacheka, "hiyo ya wagonjwa bosi, wewe ni mgonjwa?" Nikaona kweli, mimi sio mgonjwa. Swali la kwa nini basi nachomwa dawa ya wagonjwa halikunijia hadi baadaye sana.

Tuje kwenye utamu, sitawaficha. Wiki ya tatu ya nne usingizi nikiamka naamka kweli. Benchi nilikuwa nasukuma kilo 60 kwa shida, wiki ya nane nasukuma 80. Mabega yakajaa, shati za ofisini zikaanza kubana kwa juu badala ya tumboni. Na ile habari ya ndani, mama Nasra akaniuliza "baba Nasra, we unakula nini siku hizi?" na hakuuliza kwa kulalamika. Kwa hiyo yule anayesema hizi sindano ni imani tu anawapotosha. Kuna utafiti ulitoka mwaka 1996 Marekani, walichukua wanaume 43, wengine wakachomwa miligramu 600 kwa wiki kwa wiki 10, wengine wakapewa geresha, sindano isiyo na dawa. Waliochomwa wakakaa bila mazoezi yoyote waliongeza kama kilo 3 za mwili usio mafuta, waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza kama kilo 2, na waliochanganya vyote viwili kilo 6. Yaani mtu amekaa kwenye kochi amemzidi anayetoka jasho. Ukishajua hilo unaelewa kwa nini vijana hawasikii la mtu, na ndo maana michezoni imepigwa marufuku, wangekuwa wanakataza maji ya kunywa?

Na hii hamu wala sio ya leo. Mwaka 1889 kule Paris kuna profesa mmoja mkubwa tu, Brown-Séquard, akiwa na miaka 72 alijichoma maji ya korodani za mbwa na za simbilisi, akasimama mbele ya wasomi wenzake akatangaza amerudi ujana. Haikuwa na testosteroni ya maana ile, alijidanganya, homoni yenyewe ilikuja kupatikana na kutengenezwa maabara 1935. Ila nikimfikiria yule mzee namwona kabisa yuko kwenye benchi la jimu yetu anasubiri zamu yake.

Sasa bili. Chunusi mgongoni za mtoto wa kidato cha pili. Chuchu zinauma shati likigusa. Kukoroma nilikokuwa nako kukazidi hadi mama Nasra akahamia chumba cha watoto, sasa sijui ile nguvu ya ndani ilikuwa ya nini. Hasira, nilimfokea konda kwa ajili ya mia mbili hadi abiria wakaninyamazisha, mimi mtu wa kusali. Na korodani zikapungua, naandika hivi hivi kwa sababu ndo kitu ambacho hamna mtu aliniambia kabla, nikamwambia kocha akasema "kawaida bosi, zinarudi". Kila kitu kwake kilikuwa kawaida.

Wiki ya tisa kichwa kikaanza kugonga, siku tatu mfululizo. Nikapitia duka la dawa kupima presha, 158 kwa 98, dada akapima tena akanambia baba nenda hospitali leo, usisubiri kesho. Daktari niliyemkuta binti mdogo, angeweza kuwa mdogo wake mke wangu, akaniangalia mgongo akauliza taratibu "Baba, nani alikuandikia?" Nikajifanya sielewi. "Sindano baba, nani alikuandikia?" Damu ikatoka hematokriti 55, yaani chembe nyekundu zimejaa mno, damu imekuwa nzito. Akanambia kwa wagonjwa wanaotibiwa kihalali ikivuka 54 wanasimamisha dawa, na ndo maana wanapimwa kabla na kila baada ya muda, pamoja na tezi dume. Mimi nimetembea na ile damu sijui wiki ngapi nanyanyua vyuma vizito juu yake.

Nikasimamisha, ampuli 9 zimeingia, 3 zimebaki.

Kuacha ndo hakuna anayekusimulia. Daktari alinielezea hivi: kuna tezi ndogo kwenye ubongo inatuma amri kwa korodani zitengeneze testosteroni na mbegu. Ukileta ya nje nyingi, ile tezi inaona mambo yako safi, inanyamaza. Mimi nikaelewa kwa lugha yetu, umewasha jenereta, watu wa umeme wakaona huna shida nao wakakata laini yako. Siku dizeli inaisha uko gizani, na kurudishiwa laini ni miezi. Nilikaa giza hilo. Wiki kama ya nne baada ya sindano ya mwisho nilikuwa mtu wa kukaa kwenye gari dakika ishirini kabla ya kushuka, sina huzuni ya kitu, sina tu hamu. Ile habari ya ndani ilikuwa chini kuliko kabla sijaanza. Nikampigia kocha. Suluhisho lake la kwanza: endelea na dozi. La pili: vidonge vya elfu 40, nikavitafuta Google, ni vile wanavyopewa wanawake wanaotafuta mtoto. Biashara nzuri, anakuuzia kuingia, anakuuzia kutoka.

Mimi nina wangu watatu, nashukuru. Kuna dogo pale jimu, miaka 27, ameoa mwaka juzi, alianza kabla yangu. Mama mkwe ameshaanza maneno, mke amepimwa mara mbili yuko sawa, dogo hataki kupima kwa sababu, nanukuu, "bro mi nina nguvu kuliko zamani, siwezi kuwa na tatizo". Nikamburuza maabara. Mbegu sifuri. Sio chache, sifuri. Alikaa kwenye ngazi za nje hakusema kitu. Na hii sio siri ya wataalamu, Shirika la Afya Duniani lilijaribu sindano za testosteroni kama uzazi wa mpango wa wanaume, matokeo yakatoka 1990 na tena 1996, miligramu 200 kwa wiki, na kwa wanaume wengi ilizima mbegu kabisa au ikabaki kidogo sana. Dogo alikuwa anachoma 250, wiki zingine mbili. Ananunua uanaume kwa laki tatu, anapewa uzazi wa mpango. Wengi zinarudi wakiacha, ila inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na hiyo ahadi sijui utampaje mama mkwe.

Kuna watakaosema mbona hospitali wanatoa. Ni kweli, na mimi sio wa kuponda dawa. Mjomba wangu alitolewa korodani zote mbili baada ya ajali, anachomwa Nebido, testosteroni ile ya sindano moja kila wiki 10 hadi 14, kila safari anapimwa damu kwanza, miaka sasa na yuko fiti kuliko mimi. Ule ni upungufu, anarudishiwa chake. Na kuhusu moyo, utafiti mkubwa wa 2023 uliochukua wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 wenye testosteroni ya chini na hatari ya moyo haukuona tofauti kwenye mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo, 7.0 kwa mia kwa waliopewa dawa, 7.3 kwa waliopewa geresha. Kocha huu anaupenda, anao kwenye simu. Asichosoma ni kwamba walipakwa jeli, dozi inapunguzwa au kusimamishwa kufuata damu yao, na hata hivyo mapigo ya moyo kwenda ovyo, damu kuganda mapafuni na mifupa kuvunjika vilikuwa juu kidogo kwa waliopewa dawa. Kuna mwingine wa 2016, wazee 790 wa kuanzia miaka 65 ambao walikuwa chini kweli: hamu ya tendo ilipanda kiasi, ule uchovu haukuondoka. Na Marekani yenyewe mamlaka yao ya dawa mwaka 2015 ilitaka iandikwe kabisa kwamba haijathibitishwa kwa mtu ambaye tatizo lake ni umri tu.

Miezi mitano baada ya kuacha nilipima, asubuhi mbili tofauti, 410 na 436. Kawaida kabisa. Na hapa ndo panaponiuma kuliko laki tatu: sikupima kabla. Kwa hiyo sitajua maisha yangu yote kama nilikuwa na upungufu au nilikuwa mtu mnene anayelala masaa manne na nusu tu kwa usiku. Daktari yeye ameshaamua, ameninyooshea kidole kukoroma, anasema pumzi inakata usiku, kilo zishuke kwanza. Nimefika 91. Benchi nimerudi 65.

Maksi zangu. Dawa yenyewe kama dawa, 4 kwa 5, inafanya ilichoandikiwa. Huduma ya stooni, 0, na ningeweza kutoa chini ya hapo ningetoa. Kipimo cha damu ambacho kingetangulia kingenigharimu pungufu ya ampuli tatu.

Na hizo tatu zilizobaki nilimpelekea mfamasia aziteketeze. Kocha amesikia, amenuna, anasema ningemrudishia angenipa elfu 15 kwa kila moja, kuna mteja alikuwa anazisubiri.