Baiskeli ya mtoto ya mtumba inchi 16, tumeitumia Utrecht na naipendekeza

Wadau mlioko Uholanzi na nyie mnaojiandaa kuja na familia, kuna swali linaulizwa kila siku, mtoto anunuliwe baiskeli gani. Sisi tulichukua ya mtumba, inchi 16, yuro 60, kwenye kiduka cha fundi hapa Utrecht. Haina gia, haina shokapu, haina mbwembwe yoyote, mbele ina breki ya mkono, nyuma ina ile breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Binti yangu ana miaka minne na nusu na kwake ni bonge la baiskeli.

Saizi kwanza. Sisi tuliokulia Tabora tumejifunzia Phoenix ya baba, mguu umepenyezwa katikati ya fremu na mwili umelalia upande mmoja, kwahiyo ukifika dukani roho inakutuma uchukue kubwa kwamba atakua nayo. Msifanye hivyo jamani. Fundi alimkalisha mtoto kwenye siti akainama kabisa kuangalia kama nyayo zote mbili zinakanyaga chini, ya inchi 18 alikuwa anagusa kwa vidole tu basi akairudisha ndani. Mtoto akijua miguu inafika haogopi kusimama, na barabara za huku kusimama ni muda wote, mataa, makutano, zile pembetatu nyeupe zilizochorwa chini ambazo ncha zake zikikuelekea wewe ujue unampisha mwenzio.

Sasa breki. Vidole vya mtoto wa umri huu havina nguvu ya kubana breki ya mkono vizuri ila mguu anao, akikanyaga kinyume tairi la nyuma linakamata hapohapo. Ubaya wake pedeli haizunguki nyuma, sasa akisimama ikabaki chini hawezi kuipandisha, taa imeshakuwa ya kijani yeye bado anahangaika na nyuma kuna foleni ya watu wanawahi kazini (wanasubiri lakini, hilo nawasifu). Dawa yake ashuke, ainue tairi la nyuma kidogo azungushe pedeli kwenda mbele mpaka ya kulia ije juu ndio apande, au wewe mfanyie hivyo. Binti yangu saa hizi anafanya mwenyewe bila kuambiwa.

Kinachonikera ni pancha ya nyuma. Kuna chuma cha breki kimefungwa kwa nati kwenye fremu halafu cheni yote imefunikwa na boksi, ni nzuri kwasababu gauni halinasi wala halipati grisi, ila kutoa tairi ni kazi ya nusu siku na mafundi wa huku ufundi wao ni ghali. Msitoe tairi. Laza baiskeli, toa mpira wa nje upande mmoja tu, vuta tyubu pale penye tundu, ziba, rudisha, umemaliza.

Taa zilizokuja nayo zilikuwa hovyo nikabadilisha zote, na hapa usilegeze maana usiku taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sheria, na Desemba saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Helmeti sheria haimlazimishi mtoto na wengi hawavai, mimi wangu anavaa.

Ila niseme ukweli, baiskeli hii hii ningeipeleka Dar nisingemruhusu atoke nayo getini. Huku ina thamani kwasababu ya barabara, njia zenye lami nyekundu zimetengwa na magari, unaendesha kushoto kwake yeye yuko kulia upande wa ukingoni, mkono wako mgongoni kwake mnapiga stori mpaka shule. Na haikuwa hivi tangu zamani. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 Uholanzi, zaidi ya 400 wakiwa watoto, wazazi wakaingia barabarani na kampeni yao ya Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto, wakaibana serikali. Leo mtoto wa chini ya miaka 14 akigongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, kwa kawaida fidia yote inalipwa na upande wa mwenye gari. Na shuleni wakikaribia kumaliza msingi wanafanya mtihani wa barabarani, wa kuandika na wa kuendesha kabisa mtaani. Haya yote nayatamani kwetu kuliko kitu kingine chochote nilichokiona huku, kwasababu watoto wa kwetu pia wanaenda shule, wengine kwa baiskeli, na wengi wao hawajatengewa hata mita moja ya lami.

Kama mtoto hajawahi kupanda kabisa msikimbilie vigurudumu vya pembeni, anzeni na ile isiyo na pedeli ya kusukuma kwa miguu, balansi ikikaa pedeli atazijua fasta. Na mkija kununua mtumba mwambieni fundi azungushe tairi la nyuma mkiwa mnaangalia, likiyumba ombeni punguzo au chukueni nyingine.